Tulivyonunua hisa mwaka 2008, na kwa nini baadhi yetu tuliweza kusubiri

Serikali ya Kenya ilipoanza kuuza robo ya kampuni ya Safaricom kwa umma, mwisho wa Machi 2008, nchi ilikuwa haijapoa kutokana na ghasia za baada ya uchaguzi. Mkataba wa Rais Mwai Kibaki na Raila Odinga ulikuwa umetiwa saini mwezi mmoja tu kabla, tarehe 28 Februari, mbele ya Kofi Annan, na huku Mombasa tulikuwa na majirani ambao bado hawakujua kama watarudi kwao bara au la. Wakati kama huo ungedhani kila mtu atashika kidogo alicho nacho na kukaa kimya. Badala yake watu walipanga foleni. Zilikuwa hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, kima cha chini hisa 2,000, yaani shilingi 10,000 mkononi; na walioomba walizidi 800,000. Barabara ya Nkrumah asubuhi zile ilijaa watu wenye fomu na nakala za vitambulisho: akina mama wa buibui, wafanyakazi wa bandarini na ovaroli zao, wanafunzi wa vyuo, wazee waliokuja na wajukuu wa kuwajazia fomu.

Chama chetu kiliingia katika mkumbo huo karibu chote. Kilianza kama upatu wa wanawake wa mtaa mmoja, kisha kikakua kikachukua na wanaume, na mimi nimekuwa katibu wake muda wote huo. Mwanachama akija kuomba mkopo wa chama ni lazima tujue ana nini na anadaiwa nini, kwa hiyo daftari langu lina habari za nani alinunua hisa gani, nani aliuza lini, na kwa nini aliuza. Ndiyo sababu naweza kusema kwa uhakika jambo ambalo wataalamu waliokuwa wakihojiwa redioni wakati ule hawakulisema. Waliovuka salama hawakuwa wasomi zaidi wala wajanja zaidi ya wenzao. Walikuwa wale ambao pesa walizonunulia hisa hazikuwa na mtu mwingine anayezingoja.

Aliyekuwa amewasha moto ni KenGen, miaka miwili kabla. Mwaka 2006 hisa za kampuni hiyo ya umeme ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 11.90, na zilipofika sokoni mwezi Mei zikaanza kuuzwa kwa zaidi ya shilingi 25, kisha zikapanda hadi karibu 40. Mombasa kila mtaa ulikuwa na mtu mmoja aliyeweka shilingi elfu kadhaa akatoka na mara mbili au tatu yake, na mtu huyo alikuwa hachoki kusimulia. Kwa hiyo neno hisa lilipofika kwetu lilikuja na maana moja: nunua, ngoja wiki chache, uza. Gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni humgawia mwenye hisa, halikutajwa hata kidogo. Wala hakuna aliyetusimulia habari za walionunua KenGen kwenye 35 na 40 wakati vumbi limetimka, maana hao hawakuwa na la kujivunia. Mwaka 2016 kampuni hiyo hiyo iliwauzia wenye hisa wake hisa zaidi kwa shilingi 6.55.

Safaricom ilikuwa na nguvu nyingine. Haikuhitaji kuelezwa. Kadi zake za kukwaruza zilikuwa kila kioski, na M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilikuwa tayari inapeleka pesa kwa mama zetu Lamu na Taita bila mtu kupanda basi. Mama mmoja mwanachama, muuza viazi karai, aliniambia wakati namjazia fomu: "Mimi kila siku nawapa hawa pesa. Acha na wao wanipe kidogo." Alinunua kima cha chini, kwa zamu yake ya upatu. Fedha hizo alikuwa amezipangia kununua kabati. Kabati likasubiri.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, kuli wa miaka mingi bandarini, yeye alitaka nyingi. Alikopa shilingi 100,000. Mabenki wakati ule yalikuwa yakikopesha watu kwa ajili ya hisa hizo hizo, na makaratasi hayakuwa magumu kwa mtu mwenye mshahara. "Shemeji," aliniambia, "huu ni mkopo wa miezi michache tu. Zikifika kumi nauza, nalipa benki, nabaki na changu."

Hesabu yake ilikuwa sawa kwa mtu atakayepewa hisa 20,000. Lakini maombi yalizidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara tano, na Wakenya wa kawaida wakagawiwa kama asilimia 21 ya walichoomba. Shemeji alipata hisa 4,200, za shilingi 21,000. Shilingi 79,000 zilizobaki zilitakiwa kurudi, na marejesho yakachelewa, huku riba ya benki ikihesabiwa kwa 100,000 zote. Siku hisa zilipoanza kuuzwa sokoni, tarehe 9 Juni 2008, bei ilipita shilingi 7. Angeuza siku ile angepata faida ya kama shilingi 8,400 kabla ya kamisheni ya dalali. Ila aliambiwa kumi, na alikuwa akiingojea kumi.

Kumi haikuja. Septemba benki ya Lehman Brothers ilianguka huko Marekani, na wawekezaji wa kigeni wakaanza kuondoa pesa zao katika masoko madogo kama letu ili wazibe mashimo kwao. Sisi tulikuwa hatujawahi hata kusikia jina la benki hiyo. Safaricom ikashuka chini ya 5, bei tuliyonunulia, na mwanzoni mwa 2009 ikawa chini ya shilingi 3. Soko zima lilikuwa hivyo: kipimo cha bei za hisa 20 za Nairobi, ambacho Januari 2007 kilikuwa juu ya 6,000, kilifika Machi 2009 kikiwa chini ya 2,500.

Wengi wanasimulia kipindi kile kana kwamba watu waliuza kwa sababu ya woga. Katika daftari langu sivyo inavyoonekana. Shemeji hakuogopa, aliamini Safaricom mpaka siku ya mwisho na anaiamini hadi leo. Aliuza kwa sababu mwezi ule makato ya mkopo na karo za shule vilikutana mlango mmoja, na hisa ndiyo kitu pekee ndani ya nyumba kilichoweza kugeuka pesa ndani ya siku chache. Alipata kama shilingi 12,000 kwa hisa zake zote. Mwanachama mwingine aliuza kwa sababu ya matibabu ya mama yake. Mwingine alikuwa ametumia akiba ya kumalizia nyumba na fundi alikuwa anadai. Ukisoma sababu hizo mmoja baada ya mwingine unaona kwamba hakuna hata mmoja aliyeandikiwa "ameona kampuni haifai." Ni karo, hospitali, fundi, benki.

Khalati yangu, dada wa mama yangu, muuguzi mstaafu, alikuwa na hisa sawasawa na za shemeji, 4,200. Aliomba kwa kiinua mgongo chake, sehemu iliyobaki baada ya kuezeka paa na kuweka kando matumizi ya mwaka mzima. Bei ilipofika 3 nilimwendea nikiwa na wasiwasi kwa niaba yake, maana mimi ndiye niliyemjazia fomu. Alikuwa anachambua mchele. Akaniuliza, "Kwani watu wameacha kupiga simu?" Nikamwambia hapana. "M-Pesa imefungwa?" Hapana. "Basi mwanangu, hizo si pesa zangu za unga. Ziache huko." Akaendelea na mchele wake.

Kuna jambo jingine hapa ambalo watu wa pwani wataelewa haraka. Khalati hakukopa kwa sababu ya dini. Riba kwake ni haramu, na alikuwa amekwenda kumuuliza maalimu wake kama hata hisa zenyewe zinafaa, akajibiwa kwamba kununua sehemu ya kampuni inayouza huduma halali ni ushirika wa kibiashara, ila asinunue za kampuni ya pombe wala za benki ya riba. Wanachama wengi wa chama chetu walifuata mpaka huo huo. Waliukataa mkopo wa benki kwa kumcha Mungu, na kukataa huko kukawakinga na soko. Sisemi kwamba asiyekuwa Mwislamu hakuvuka. Tunao wenzetu Wakristo waliovuka vizuri sana. Nasema tu kwamba lile katazo ambalo wengine walilihesabu kuwa linatunyima fursa ndilo lililowafanya watu wengi wa mtaa wetu wafike 2009 bila deni juu ya hisa zao. Nililiona kwa macho, na linanigusa kila nikilikumbuka.

Gawio la mwaka wa fedha ulioishia Machi 2009 lilikuwa senti 10 kwa hisa. Khalati alipata shilingi 420, ukitoa kodi ya asilimia 5 zikabaki 399. Nilikwenda naye benki kuiweka hundi hiyo. Karani aliitazama, akamtazama, na nadhani alitaka kusema kwamba nauli ya kuja mjini na kurudi imekula sehemu nzuri ya pesa zenyewe. Khalati alikuwa ameivalia kanga mpya. Kwake ile ilikuwa mara ya kwanza maishani kupokea pesa ambayo hakuitolea jasho wala hakupewa na jamaa, na aliiona ni kitu cha heshima. Mimi nilijifunza mengi kwa hundi ile kuliko kwa bei zote za gazetini. Bei inakuambia wengine leo wako tayari kukupa nini. Gawio linakuambia kampuni inapata nini na iko tayari kukupa nini ikiwa hujamuuzia mtu.

Tangu hapo chama kikaanza kununua. Tulijisajili rasmi, tukafungua akaunti ya CDS, ile ya kutunzia hisa, kwa jina la kikundi, na kila mwezi tukatenga sehemu ndogo ya michango. Hisa ziliuzwa kwa mafungu ya 100, na kwa bei ya shilingi 3 fungu moja lilikuwa shilingi 300 na kamisheni. Tulibishana sana. Wapo waliosema tunatia pesa kwenye shimo. Yule mama wa viazi karai ndiye aliyetuliza mkutano: "Mimi viazi vikishuka bei soko la Kongowea ndiyo siku naongeza gunia. Nyinyi mnataka tungoje mpaka bei ipande?" Tukanunua. Mwaka 2010 bei ikavuka 5 kidogo, tukafurahi. Mwaka 2011 ikaporomoka tena hadi karibu na 3, na waliokuwa wamevumilia mara ya kwanza wakachoka mara ya pili. Nafikiri huo ndio ulikuwa mtihani mkubwa zaidi, mkubwa kuliko 2009. Mara ya kwanza kila mtu alikuwa anaanguka, Wamarekani, Waingereza, dunia nzima, na kuna faraja katika msiba wa wengi. Mara ya pili hakukuwa na habari kubwa ya kueleza. Ilikuwa tu bei iko chini, mwezi baada ya mwezi, mfumuko wa bei ukipanda na shilingi ikidhoofika, na mtu anaanza kujiuliza kama miaka mitatu yote ameishi kwa matumaini ya bure. Wanachama kadhaa waliuza 2011 bila dharura yoyote, kwa uchovu tu. Hao ndio pekee ninaowaonea uchungu hadi leo, maana mwisho wa 2013 bei ilikuwa imepita 10.

Sasa msomaji makini ataniambia: unasimulia hivyo kwa sababu ni Safaricom. Ni kweli, na sitaki mtu atoke hapa akidhani kusubiri peke yake ni dawa. Viazi vya Kongowea vikikaa sana huoza, na hisa nazo huoza. Katika chama chetu tuna wanachama wenye asili ya magharibi mwa Kenya waliokuwa na hisa za Mumias, kiwanda cha sukari, kwa sababu kiliwasomesha wazazi wao. Walisubiri kwa uaminifu ule ule wa khalati. Kiwanda kikazama katika madeni, kikawekwa chini ya mrasimu, msimamizi wa kampuni iliyoshindwa na madeni, mwaka 2019, hisa zikasimamishwa sokoni, na kusubiri kwao hakukuwarudishia kitu. Hisa za Kenya Airways zilisimamishwa Julai 2020 na hazikurudi kuuzwa hadi Januari 2025. Muda wote huo mwenye nazo hakuweza kuzigeuza pesa hata kwa bei ya kutupa. Uchumi, duka ambalo kila familia ya mjini ililijua, lilisimamishwa 2006, likarudi sokoni 2011, na halikupata tena nguvu zake.

Tofauti ilikuwa katika maswali ya khalati. Watu wameacha kupiga simu? Mwenye hisa za Mumias angejiuliza: miwa inakuja kiwandani? Wakulima wanalipwa? Jibu lilikuwepo kwa miaka kabla ya mwisho, na watu wa huko walilijua kuliko dalali yeyote wa Nairobi, maana ni wao waliokuwa hawalipwi. Lakini mapenzi kwa kampuni iliyomlea mtu yana nguvu, nami siwezi kumlaumu mtu kwa hilo. Tuliloweza kufanya kama chama ni kukubaliana kwamba kampuni moja isizidi nusu ya hisa zetu, hata kama ni ile tunayoipenda. Tukaongeza hisa za umeme, tukaongeza Bamburi, saruji ya hapa hapa kwetu. Bamburi nayo ilitupa somo lake: ilishuka miaka na miaka, kisha mwaka 2024 Amsons, kampuni ya Tanzania, ikaja ikatoa shilingi 65 kwa hisa na kuichukua. Waliokuwa wamenunua ilipokuwa chini walipata faida nzuri. Waliokuwa wamenunua zamani bei ikiwa juu zaidi ya hapo walipokea 65 na hasara ikafungwa hapo, hakuna tena cha kungojea. Mwenye hisa chache haulizwi sana katika mambo kama hayo.

Nisipotaja madalali nitakuwa nimeacha nusu ya maumivu. Kati ya 2007 na 2009 madalali kadhaa wa hisa walianguka, na ikagundulika kwamba kuna wateja ambao hisa zao ziliuzwa bila wao kujua. Fundi cherehani mmoja wa chama chetu alikuwa miongoni mwao. Soko halikuwa limempokonya kitu. Bei ya hisa zake ilikuwa nzuri siku ile. Hakuwa nazo tu. Alikuwa akipiga simu ofisi ya dalali wake akiambiwa kila kitu kiko sawa, na yeye, mtu wa adabu, alikuwa akishukuru na kukata. Mfuko wa kuwafidia wawekezaji uliweka kikomo cha shilingi 50,000 kwa mtu mmoja, na kwa bahati madai yake yalikuwa chini ya hapo, ila yalichukua muda mrefu kulipwa. Tangu siku hiyo mwanachama yeyote wetu anaomba taarifa ya akaunti yake moja kwa moja kutoka CDSC, shirika linalotunza kumbukumbu za hisa zote, na hategemei karatasi ya dalali peke yake. Ni jambo la dakika chache. Yule fundi alirudi kununua hisa baada ya kulipwa, kwa dalali mwingine, na ndiye anayewakumbusha wenzake kuangalia taarifa zao.

Corona nitaipita haraka, maana ilipita haraka yenyewe kwa upande wa hisa. Tarehe 13 Machi 2020, siku mgonjwa wa kwanza alipotangazwa, Soko la Hisa la Nairobi lilisimamisha biashara baada ya kipimo chake kuanguka zaidi ya asilimia 5. Chama hakikuuza hata hisa moja. Tulikuwa na mambo makubwa zaidi ya kuwaza mwaka ule, na pesa ya hisa haikuwa ya unga.

Kilichotutikisa ni kilichofuata. Mwaka 2021 Safaricom ilifika karibu shilingi 45. Hisa 4,200 za khalati zilikuwa na thamani ya kama shilingi 189,000, na kwa mara ya kwanza wanawe, watu wazima wenye kazi zao, walianza kuniuliza habari za hisa za mama. Mmoja alitaka ziuzwe anunue gari la biashara, mwingine alisema zitafika 60. Khalati hakutaka kuuza na hakutaka kusikia 60. Kisha mwaka 2022 Marekani ikaanza kupandisha riba, wageni wakaanza tena kuondoka, na safari hii kampuni yenyewe ilikuwa na mzigo: ilikuwa imeingia Ethiopia, ikaanza huduma huko Oktoba 2022, na kujenga mtandao nchi nzima kunakula pesa kabla hakujazaa. Shilingi ya Kenya ikadhoofika mpaka dola moja ikafika kama shilingi 160 mwanzoni mwa 2024. Mwaka 2023 bei ya Safaricom ilikuwa imeshuka hadi 12 na kitu. Zile 189,000 zikawa kama 50,000.

Pesa hizo hakuna aliyezila. Hata hivyo nyumba nyingi zilikaa na simanzi, na nilisikia watu wakisema "tumepoteza laki na nusu" kuhusu pesa ambazo hazikuwahi kuwa mkononi mwao. Nilichofanya ni kuwasomea gawio. Kwa mwaka wa fedha wa 2022 lilikuwa shilingi 1.39 kwa hisa. Mwaka uliofuata likashuka hadi 1.20 na likabaki hapo hadi mwaka wa fedha wa 2025. Kwa khalati hiyo ilikuwa shilingi 5,040 kwa mwaka, 4,788 baada ya kodi, zilizoingia M-Pesa bila nauli wala foleni, juu ya mtaji wa shilingi 21,000. Ni kweli kwamba 21,000 za 2008 zilinunua vitu vingi kuliko 21,000 za leo, na lazima tuliseme hilo kwa haki. Lakini gawio lenyewe pia limetoka senti 10 likafika zaidi ya shilingi moja.

Wenzetu wasio na tatizo na riba walihamishia sehemu ya akiba kwenye bondi za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba. Mapema 2024 serikali ilikuwa imebanwa kiasi cha kutoa bondi ya miundombinu kwa asilimia 18.46 bila kodi, na sikuwa na hoja ya kuwazuia. Kwa mtu ambaye dini yake inamruhusu, hiyo ilikuwa nafasi ya kipekee. Walioibakiza Safaricom waliona bei ikipita tena 25 mwaka 2025. Pande zote mbili walifanya vizuri, na pande zote mbili walitumia akiba.

Siku hizi vijana wanajiunga na chama wakiwa tayari wana akaunti kwenye simu. Tangu Agosti 2025 soko la Nairobi linaruhusu kununua hata hisa moja, badala ya mafungu ya 100, na kwangu hilo ni jambo jema kabisa. Mtu anaweza kuanza kwa pesa ya chai. Linalonitia hofu ni kwamba simu hiyo hiyo inayonunua hisa ndiyo inayotoa mkopo, na umbali kati ya viwili hivyo ni kubonyeza mara chache. Shemeji alilazimika kwenda benki, kusaini, kuleta barua ya kazini. Kijana wa leo anaweza kufika alipofika shemeji akiwa amelala kitandani. Kwa hiyo swali la kwanza ninalomuuliza mwanachama mpya ni pesa hizi zimetoka wapi na nani anazitaka mwakani. Akiweza kunijibu, mengine tutaelekezana.

Na swali la pili ni nani anajua unazo. Tulimpoteza mzee mmoja, mstaafu wa reli, aliyekuwa na hisa za kampuni kadhaa. Laini yake ya simu ilikatwa baada ya muda, gawio likawa linatumwa mahali ambapo hapana mtu, na wanawe hawakujua chochote mpaka mimi nilipowaonyesha daftari. Kwa sheria ya 2011, mali ya aina hiyo isiyodaiwa hatimaye hupelekwa kwa mamlaka maalumu ya serikali, na mrithi anaweza kuidai, lakini ni lazima kwanza ajue ipo. Walikwenda mahakama ya Kadhi kuthibitisha mirathi, kila mrithi na fungu lake, kisha kwa dalali na hati ya kifo na vitambulisho vya wote, mmoja akiwa Oman ambako karatasi zake zilibidi zithibitishwe kabla ya kutumwa. Walifanikiwa, ila ndugu walikaribia kugombana kwa jambo ambalo baba yao angelimaliza kwa kulitaja mara moja mezani.

Ndiyo maana kila mwezi Mei, Safaricom ikishatangaza matokeo yake ya mwaka, tunakaa na daftari. Kila mmoja anaandika kampuni, idadi ya hisa, namba ya CDS, namba ya simu inayopokea gawio, na majina ya watu wawili wa familia walioelezwa. Khalati ameandika binti yake mkubwa na mimi. Ambaye hajajaza hapewi mkopo wa chama mpaka ajaze.